Ripoti Arobaini na Tatu za Mzee Chediel

"Mia nne tisini na sita! Weee, afande, mia nne tisini na sita kati ya mia tano! Hii seva haijashiba, imevimbiwa!"

Scholastika, karani wa ofisi, alipiga makofi mara moja kama mtu aliyeua mbu, halafu akajiziba mdomo, maana mlango wa bosi ulikuwa wazi. Sajenti Rahel Ntandu alibana kicheko. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya kompyuta, akatoa kijidaftari mfukoni na kuandika: Jumatatu, saa nne na robo asubuhi. Diski GB 500. Zimejaa 496.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ya Mtetea, pale Singida mjini, inasambaza chanjo ya kideri ya kuku. Ina friji tatu kubwa, moja Mwankoko, moja Ulemo, moja Mtinko. Kila friji ina kifaa kidogo, hakizidi sabuni ya kipande, kinachoandika kila kitu: digrii ngapi, mlango umefunguliwa saa ngapi, kwa kadi ya nani. Kila dakika kifaa kinatuma mstari wake kwenye seva ya mjini. Hiyo mistari ndiyo kumbukumbu, na kwenye seva kuna programu ya kuichambua, ukiiuliza swali inakujibu. Basi Ijumaa, saa nane na dakika kumi na nne mchana, seva ikagoma. Haipokei, haijibu. Tangu siku hiyo hakuna aliyejua kama chanjo zimekaa kwenye baridi au zimepikika.

Na mtu wa mwisho kuigusa hiyo seva alikuwa fundi Elisha.

Meneja, Bwana Laurian, kesi alikuwa ameshaimaliza kichwani. Friji ya Mtinko ilikuwa na malalamiko tangu Jumatano. Elisha alitumwa akaitengeneze, Laurian anasema hakwenda. Kwa hiyo amejaza diski makusudi ili isijulikane. Kamati ya nidhamu inakaa saa nane kamili mchana. Polisi aliwaita kwa ajili ya karatasi tu, ile ya kuambatanisha na barua ya kumfukuza mtu. Bahati mbaya yake, kituoni wakamtuma Rahel, ambaye alisomea kompyuta chuoni kabla hajavaa gwanda, na ambaye karatasi haandiki mpaka ajue anaandika nini.

"Elisha yuko wapi?" aliuliza.

"Stoo. Amekaa kwenye kreti anaangalia ukuta. Tangu asubuhi hajanywa hata chai. Afande, Elisha hawezi kuua hata..."

"Scholastika."

"Abee."

"Hii kompyuta asiiguse mtu. Hata wewe."

*

Elisha alikuwa kijana mrefu, magoti yakimfika kidevuni pale kwenye kreti. Alisimama haraka.

"Kaa. Wewe ndiye uliyejaza diski?"

"Mimi."

"Umeijaza na nini?"

"Na... vitu."

"Vitu gani?"

"Afande, andika tu kwamba ni mimi. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika." Kweli ilikuwa mkononi, imekunjwa mara nne.

"Na Mtinko hukwenda?"

Hapo Elisha akainua uso. "Hapo nakataa! Alhamisi nilikwenda, nikafunga mpira mpya wa mlango, nikafungua kwa kadi yangu, namba nane. Ipo kwenye kumbukumbu."

"Kumbukumbu ambazo hazifunguki."

"Hazifunguki kwa sababu diski imejaa. Zikibaki chini ya GB tano, programu inajifunga yenyewe ili isiharibu kitu. Haipokei, haitafuti."

"Na kumbukumbu za Ijumaa mpaka leo ndiyo zimepotea."

"Zipotee wapi?" Fundi akasahau kwamba ana huzuni. "Vile vifaa vya kwenye friji vina akiba yake! Seva ikikataa, vinatunza siku tatu. Siku seva ikipata nafasi, vinamwaga vyote vyenyewe, hata hubonyezi kitu."

"Zikipita siku tatu?"

"Vinafuta vyote vinaanza upya."

Rahel alihesabu kwa vidole, taratibu, makusudi. Ijumaa saa nane na dakika kumi na nne. Jumamosi. Jumapili. "Kwa hiyo ni leo. Dakika kumi na nne baada ya kikao chenu kuanza."

Elisha akaangalia chini.

"Unajua kinachonishangaza?" Rahel alisema akisimama. "Mtu aliyejaza diski ili afiche ushahidi, hamwelekezi polisi ushahidi ulipo. Na saa anampa."

*

Alianza na kazi ya kuchosha, ile ya kuuliza nani anakula nini. GB mia nne tisini na sita haziji kwa miujiza, lazima kila moja ina mwenyewe.

Kumbukumbu za friji zote tatu, tangu kampuni ianze: GB 38 tu. Scholastika alitoa macho. "Hizo tu? Na kelele zote hizi?" Programu na mitambo yake: 60. Hapo bado mia tatu na kitu hazijulikani zimekwenda wapi.

Halafu Rahel akaona folda inaitwa KIPAIMARA. Ndani, video kumi na tisa.

"Hee!" Scholastika alishika kichwa. "Hizo za bosi! Kipaimara cha binti yake. Alisema flashi yake mbovu, ziwekwe kwa muda."

Rahel aliinuka na daftari, akaenda moja kwa moja mpaka mlango ulioandikwa MENEJA. Njiani alipita meza ya Scholastika, akaona roli tatu za stika: kijani, njano, bluu. Zote zimeandikwa CHANJO TU.

"Hizi za nini?"

"Za rafu za friji. Kijani Mwankoko, njano Ulemo, bluu Mtinko. Watu wasiweke humo nyama zao. Nimezichapisha mwenyewe, rangi inatoka ikiloa lakini zinanata kama ulimbo, ukigusa tu umeondoka nayo."

Laurian alimpokea kwa meno yote thelathini na mbili. "Karibu, afande! Karatasi iko tayari? Elina wa mapokezi ameshatoka, ningekuagizia chai. Chukua basi soda." Chini ya meza kulikuwa na kreti, akachomoa chupa, akaifungulia kwenye ukingo wa meza kwa ufundi mkubwa.

"Asante. Una video kwenye seva, bwana Laurian."

Meno yakapungua. "Ah. Zile. Kumbukumbu za familia."

"Ni wewe uliyejaza diski?"

"Afande! Zile ni za mwaka jana! Zimekaa mwaka mzima, seva inakwenda vizuri tu! Pima uone!"

Hapo alisema kweli. Rahel alikuwa ameshapima: GB 11, tarehe za mwaka jana. Aibu ipo, lakini mtu aliyekaa kitandani mwaka mzima huwezi kusema ndiye aliyevunja kitanda Ijumaa. Njia hiyo imeishia hapo.

"Nataka nipunguze vitu kwenye seva, kumbukumbu zirudi."

"Hapana!" Laurian alipiga meza, kreti ikalia. "Ule ni ushahidi. Usiguswe mpaka kamati imalize. Saa tisa, saa kumi hivi, fanya unavyotaka."

"Saa tisa kumbukumbu zitakuwa zimejifuta."

"Basi ni bahati mbaya."

"Jumamosi ulikuwa wapi, bwana Laurian?"

"Mimi? Nyumbani, nimelala. Mafua. Sikutoka hata nje ya geti. Kwa nini?"

"Naandika tu. Nawauliza wote."

Rahel alikunywa soda yake polepole. Kwenye kitako cha chupa kidole chake kilikuta kitu kinanata. Alikibandua bila kukitazama, akakibandika ndani ya jalada la daftari. Kilikuwa kipande cha karatasi, upana wa kucha mbili. Cha bluu.

*

Saa sita unusu. Rahel alirudi kwenye kompyuta na kufungua ukurasa ambao watu wengi hawaufungui, ule wa ripoti zilizowashiwa kasi. Ukurasa ukashuka. Ukashuka. Ukazidi kushuka.

"Scholastika. Njoo."

"Abee?"

"Soma."

Scholastika alisoma, na kila mstari sauti ilikuwa inapungua. "Ripoti ya Mzee. Ripoti ya Mzee Mbili. Ripoti ya Mzee Mpya. Ripoti ya Mzee Mpya Kabisa. Ripoti ya Mzee ya Pasaka. Ripoti ya Mzee Safari Hii Kweli..."

"Ziko ngapi?"

"Arobaini na tatu," alinong'ona.

"Na hiki kitufe cha kasi kinafanya nini? Nieleze wewe, niandike kwa maneno yako."

Scholastika alivuta pumzi. "Ni hivi. Ukitaka kujua kijiji kina kuku wangapi, unaweza kuzunguka boma kwa boma kila ukiulizwa. Utachelewa. Au unahesabu mara moja, unaandika kwenye daftari, ukiulizwa unafungua daftari unajibu hapo hapo. Ukiwasha kasi, seva inajiandikia hilo daftari. Muhtasari."

"Na daftari linakaa wapi?"

"Kabati hilo hilo. Diski hiyo hiyo."

"Na linaanzia lini?"

"Hapo unachagua. Wiki, mwezi, miezi mitatu. Sisi... tuliweka tangu mwanzo. Zote."

"Kila moja na daftari lake, na yote arobaini na tatu yanahesabu kuku wale wale."

"Afande, usinitazame hivyo."

GB tisa kila moja. Rahel alizidisha: mia tatu themanini na saba. Akajumlisha na 38, na 60, na 11 za kipaimara. Mia nne tisini na sita. Haikubaki hata moja, haikuzidi hata moja. Angekuwa peke yake angecheza.

Safu ya pili ilionyesha watengenezaji. Thelathini na moja: Scholastika. Kumi na mbili: Elisha. Ya mwisho kabisa, Ijumaa, saa nane na dakika mbili mchana: Elisha. Seva ikatafuna dakika kumi na mbili kuandika daftari la arobaini na tatu, ikafika mia nne tisini na sita, ikajifunga.

Safu ya tatu ilikuwa ya ajabu zaidi. Kila ripoti imefunguliwa mara moja. Siku ile ile ilipotengenezwa. Basi, haikufunguliwa tena milele.

"Huyu Mzee ni nani?"

Scholastika, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajanyamaza hata sekunde tatu, akageuka kutazama mlango.

"Ni Mzee Chediel," alisema Elisha, amesimama mlangoni. "Mwanzilishi wa kampuni. Daktari wa mifugo mstaafu. Wafugaji wanampigia yeye, kuuliza chanjo ziko sawa. Naye anatupigia sisi. 'Kijana, nitengenezee ripoti ya friji, iende haraka.' Ndiyo hivyo."

"Na mlishamtengenezea."

"Ndiyo."

"Arobaini na mbili."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini hamkumwambia tu, mzee, ipo, uliomba juzi?"

Wawili wale walimtazama kana kwamba amewaambia wampige mzee kibao.

"Umwambie Mzee Chediel ameshaomba?" Scholastika alisema. "Yaani kumwambia amesahau? Mtu aliyemchanjia kuku bibi yangu? Afande, wewe si wa huku?"

"Wa Ilongero."

"Basi unajua mwenyewe."

Rahel alijua. Na sasa alijua kwa nini Elisha amebeba barua ya kuacha kazi. Mbele ya kamati ingebidi aseme: nimeijaza kwa sababu mzee anaomba kitu kimoja mara arobaini na tatu. Mbele ya watu. Kijana akaona bora kazi iende.

"Na za zamani hamkufuta?"

"Vitu vya mzee!" walisema wote kwa pamoja.

"Mpigieni sasa, tuombe ruhusa."

"Simu yake iko dukani kwenye chaji mpaka jioni," Elisha alisema. "Na hata ingekuwepo, jambo hili si la kusema kwa simu."

Rahel alipiga picha kila mstari, picha arobaini na tatu, akamsainisha Scholastika kwenye orodha, akafunga kompyuta kwa neno la siri lake mwenyewe. Saa saba na dakika kumi alikuwa juu ya bodaboda kuelekea Mwankoko, ameshika kofia kwa mkono mmoja.

*

Mzee Chediel alikuwa katikati ya kuku wake, anamwaga mashudu ya alizeti kwenye sahani za bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Hamjambo huko? Baba na mama? Ng'ombe? Wewe ni binti wa nani?"

"Ntandu, mzee. Wa Ilongero."

"Ntandu yupi? Yule wa ng'ombe mwenye pembe moja?"

"Babu yangu mdogo."

"Ala! Yule ng'ombe nilimshona mimi! Kaa, kaa!" Na hadithi ya yule ng'ombe ikaanzia siku aliyozaliwa. Rahel alikaa. Alicheka palipotakiwa kucheka. Jicho moja lilikuwa kwenye saa: saa saba na dakika ishirini na nane. Na thelathini na tano. Ng'ombe sasa amekuwa mkubwa. Na arobaini.

Ng'ombe aliposhonwa, Rahel akaingiza lake, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mzee, ile ripoti ya friji, vijana wakikuletea, ukishaisoma unaifanyaje?"

"Nikishaisoma? Imeisha."

"Imeisha?"

"Si nimeshaisoma! Ripoti ni kama chai, mwanangu. Umekunywa, imeisha, kesho unaomba nyingine. Kwani wewe unakunywa chai ya jana?"

"Hapana, mzee."

"Na vikombe vya jana vijana wanaviosha, au wanaviacha mezani?"

Rahel alichagua maneno. "Wameviacha, mzee. Kwa heshima. Viko arobaini na tatu, na meza imejaa."

Mzee Chediel alisimama na sahani mkononi. Midomo ikaanza kucheza. Halafu akacheka, akacheka mpaka majogoo wakaruka ukutani, akafuta macho kwa kofia. "Arobaini na tatu! Na wote wananijibu, sawa mzee, tunatengeneza! Mimi nilijua huko ndani kuna kazi kubwa wanaifanya! Kwa nini hawakuniambia?"

"Waliogopa utaona wanakuambia umesahau."

"Nimesahau nini? Hata sikujua kwamba zinakaa!"

"Saa nane wanamfukuza Elisha kwa ajili hiyo. Wanasema amejaza makusudi. Naye amekaa kimya, hakukutaja."

Kicheko kikakatika. Mzee aliweka sahani chini.

"Mama Leah!" alimwita mkewe aliyekuwa ndani. "Nitupie kofia ya kanisani. Na ufunguo wa gari."

Gari lilikuwa pikapu ya zamani, na mzee aliiendesha kama anavyoendesha mtu aliyebeba mayai maisha yake yote. Baiskeli mbili ziliwapita. Rahel alishika dashibodi akawa anaisukuma kimoyomoyo.

*

Saa nane na dakika nne waliingia kikaoni, chumba kile kile chenye kompyuta. Kamati yote ikasimama. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo mzee. Marahaba, mwanangu, miguu inaendeleaje? Saa nane na dakika sita.

"Nimesikia kuna kijana amejaza meza," alisema Mzee Chediel. "Meza nimeijaza mimi."

"Mzee, hilo ni suala la kiufundi," Laurian alisema akitabasamu vibaya. "Na ushahidi hauguswi."

"Ushahidi ninao," Rahel alisema, akaweka orodha mezani. "Umepigwa picha, umesainiwa. Mwenye ripoti huyu hapa. Mzee, unaruhusu zifutwe?"

"Zote. Niachieni moja, ile ya Pasaka."

"Kwa nini ya Pasaka, mzee?" Scholastika hakujizuia.

"Nimependa jina."

Rahel alifungua kompyuta, akamsogezea Scholastika kiti. Mkono wa binti ulikwenda kwenye kufuta.

"Usianze hapo!" Elisha alipiga kelele kutoka mlangoni. "Zima kasi kwanza, ndipo ufute! Usipoizima, itaanza kujijenga upya!"

"Wewe huruhusiwi kusema!" Laurian alisimama.

"Laurian, kaa," Mzee alisema bila kumtazama. "Kijana, endelea."

Zima. Futa. Zima. Futa. Saa nane na dakika tisa, namba bado mia nne tisini na sita, seva inatafuna. Saa nane na dakika kumi, bado. Mjumbe mmoja wa kamati alianza kusali chinichini, hata hajui anasali kwa ajili ya nini. Saa nane na dakika kumi na moja: mia nne themanini na saba. Halafu mia nne sitini na tisa. Halafu zikaanza kuporomoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, na mstari wa kijani ukawaka chini ya kioo: Mwankoko imeunganishwa. Ulemo imeunganishwa.

Mtinko haipo.

"Mtinko mtandao wake mzito," Elisha alisema. Hakuna aliyepumua. Dakika kumi na mbili. Kumi na tatu.

Mtinko imeunganishwa.

Scholastika alimkumbatia mjumbe aliyekuwa karibu, ambaye hakuwa amejiandaa. Mistari ikamiminika, siku tatu za mistari. Rahel aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: Alhamisi, mlango wa Mtinko, kadi namba nane? Jibu: saa tano na dakika ishirini asubuhi, ulifunguliwa, umekaa wazi dakika tatu. Elisha alikwenda, kama alivyosema. La pili: tangu Ijumaa, digrii ya juu kabisa ni ngapi? Mwankoko nne. Ulemo tano. Mtinko saba nukta sita.

"Mwisho ni nane," Mzee Chediel alisema. "Ikipita nane, chanjo imekufa. Zote ziko hai."

Kamati haikuhitaji hata kupiga kura. Mzee aliichukua barua ya Elisha mkononi mwake, ikiwa bado imekunjwa mara nne, akaiweka mezani na kutua kikombe cha chai juu yake.

"Leo nakunywa hapa hapa," alisema. "Na wewe, binti, ile ya Pasaka uipunguze. Miezi mitatu inanitosha. Kuku wa mwaka juzi wameshaliwa."

Watu walicheka, wakaanza kutoka. Laurian alitoka wa kwanza, simu sikioni, ingawa Rahel hakuisikia ikilia.

Scholastika alikuwa bado anaishusha mistari ya Mtinko, kwa raha tu. Mkono ukasimama.

"Afande. Hii saba nukta sita ni ya Jumamosi. Mlango umefunguliwa saa nne asubuhi, ukakaa wazi dakika kumi na moja. Ukafunguliwa tena saa tisa alasiri. Mtu aliweka kitu cha moto mule ndani, halafu akaja kukichukua. Kadi namba moja." Akageuka, macho kama sahani. "Kadi namba moja si ni ya..."

Rahel alimwekea kidole mdomoni. Akafungua jalada la daftari, akamwonyesha kipande cha karatasi ya bluu, kinanata bado, herufi tatu zimebaki: NJO.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye kitako cha chupa ya soda."

"Soda! Kwenye friji ya chanjo! Na kumbe ndiyo maana hakutaka seva... Wee! Afande, niambie, niambie sasa hivi! Atafanywa nini? Alikuwa na sherehe gani? Nitalalaje mimi?"

"Utalala vizuri. Sasa hivi nakwenda Mtinko kuonana na waliokunywa hizo soda." Rahel alivaa kofia yake. "Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapa mezani kwako, na nitakusimulia yote, mpaka kizibo cha mwisho. Wewe chemsha chai tu."

"Vikombe vingapi?"

"Vitatu. Elisha naye hajanywa tangu leo asubuhi." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Na Scholastika, vya leo uvioshe."